Kukempu Bagamoyo na watoto: kambi tuliyolala na kwanini niliikataa ile ya picha nzuri

Sisi watu wa Dar tukitaka kulala kwenye tenti bila kusafiri sana machaguo ni machache, Kigamboni, Pugu kwa wanaopenda msitu, au Bagamoyo. Kigamboni mimi nimeichoka, wikiendi ni spika mpaka alfajiri, kwahiyo safari hii nikamwambia Baba Nasra twende kaskazini, ni kama kilometa 70 tu kutoka mjini, unatoka asubuhi mchana unakula kule. Tulienda sisi wawili, watoto na mdogo wangu wa kike. Jina la kambi siliweki, ila ukiwa unaelekea Bagamoyo, kabla hujaingia mjini kwenyewe, ukikata kulia kuelekea upande wa Mbegani na Mlingotini utakuta sehemu za kulala za kila aina, na haya ninayoandika yatakufaa hata ukiangukia ya jirani.

Moyoni nilikuwa naitaka Saadani. Hifadhi ya taifa, wanyama wanashuka mpaka baharini, nani hataki. Ila ukishafika Bagamoyo bado una safari nyingine mpaka uvuke mto Wami, na kempu za hifadhini hazina fensi, nyani, nguruwe pori, hata tembo wanapita wanavyojisikia, na mimi nina mtoto anayeamka saa nane usiku anataka choo sasa hivi. Pia malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba, keshi hawapokei, kwahiyo sio sehemu ya kuibukia tu ukifika ndio uanze kuulizia. Nikaiweka kiporo mpaka watoto wakue kidogo.

Basi ikabaki kuchagua kati ya kambi mbili. Moja iko ufukweni kabisa, picha zimepigwa na droni, bembea ya kamba, taa za njano zimening'inia kwenye minazi, yani kila kitu. Ya pili picha zake zimepigwa jioni na simu ya giza, unaona mkorosho, unaona choo cha bati, basi. Nikaipigia ile nzuri nikauliza swali moja, Jumamosi hiyo kuna shughuli? Kaka akanijibu hapana dada yangu, kuna kabathdei tu kadogo. Nikamuuliza kana spika? Akacheka. Nikamshukuru nikakata simu.

Hapa ndio penye siri ya kuchagua kambi karibu na jiji, na nitarefusha kidogo maana watu wengi wanaangalia bei na picha. Angalia wenye kambi hela yao ya kula inatoka wapi. Sehemu yenye ukumbi na baa kubwa inakula kwa ukumbi na baa, nyie wa tenti mnajaza tu nafasi, na siku ikija harusi ya watu mia tatu hakuna meneja atakayemwambia didjei apunguze sauti eti kwa ajili ya familia moja ya watu watano waliolipa elfu ishirini ishirini. Sehemu isiyo na ukumbi inawategemea nyinyi. Ile ya mkorosho haina ukumbi, ina kibanda cha makuti cha kulia chakula, ina jiko, na taa za sola. Ndio nikalipa advansi kwenye lipa namba yao, nikaomba meseji yenye tarehe, idadi ya watu na kiasi nilicholipa, na hiyo meseji ilinisaidia baadae.

Njiani sina mengi. Foleni unaijua, ukishapita Bunju kunafunguka, ila kule vijijini Mapinga, Kerege, Zinga kuna vibao vya 50 na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wamejificha kwenye vivuli, dereva wako awe mpole. Kwa wasio na gari, basi za Bagamoyo zinapakia Makumbusho, ukishuka unachukua bodaboda au bajaji, patana bei kabla hujapanda.

Lawama yangu kubwa iko kwenye kipande cha mwisho. Kwenye simu nilihakikishiwa gari yoyote inafika, sisi tuna IST, kagari kadogo ka chini, nikarudia IST jamani, nikaambiwa hata pikipiki ya matairi matatu inafika. Mita kama mia mbili kabla ya geti ni mchanga mtupu. Tukazama mpaka chuma kikalala chini. Akaja mzee mmoja mlinzi wa pale, tukamwamkia, hakuuliza kitu, akatoa upepo kwenye matairi ya mbele, akaleta makuti makavu akayatandika, akamwambia Baba Nasra usikanyage mafuta kwa nguvu mwanangu, peleka kama unaiba. Ikatoka. Pale mapokezi walipotaka kutuchaji na hela ya usaidizi wa gari nikawaonyesha meseji, wakanyamaza. Mzee tulimpa yake mkononi. Kama gari yako iko chini waombe wakutumie video ya barabara, sio picha, video.

Kuhusu kufunga tenti, nilijifunza mengi kwa yule yule mzee. Mdogo wangu alishaanza kutandika chini ya minazi maana ndio pazuri, mzee akamwambia hapana, hapo toka. "Wanasema nazi ina macho haimwangukii mtu, ila mimi nimeshaziona vipofu." Akatuhamishia chini ya mkorosho mkubwa, kivuli kimejaa na matawi yako chini yanakata upepo. Mivinje pia ipo, upepo wake mtamu sana kuusikiliza ila kivuli chake chepesi, saa tano asubuhi ndani ya tenti unaiva. Sasa vile vichuma vya tenti kwenye mchanga havishiki, ukivuta vinachomoka kama kijiti kwenye uji. Mzee akachukua vipande vya fito, kila kimoja urefu wa kiganja na kidole, akafunga kamba katikati, akachimba shimo la kufika kiwiko, akakilaza kile kipande chini halafu akafukia na kushindilia kwa kisigino. Alfajiri upepo ukaja wa maana, tenti ya majirani waliotumia vichuma vyao ikalala upande mmoja, yetu haikutikisika.

Bahari sasa. Hapa niwe mkweli maana kuna watu wanaenda Bagamoyo wakitegemea maji ya buluu ya Nungwi kule Zanzibar halafu wanarudi kulalamika. Mto Ruvu unamwaga karibu na hapo, maji yana rangi ya chai ya maziwa siku nyingi, na upande huu wa Mbegani ni mikoko na matope kuliko mchanga mweupe. Pia lazima ujue mwezi. Tulienda mwezi mpevu, hapo huwa ni bamvu, yani maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, na kipindi cha bamvu pwani yetu maji yanakupwa sana saa nne saa tano asubuhi, bahari inaondoka mbali mpaka unajiuliza imekwenda wapi, halafu inajaa saa kumi jioni na tena saa kumi alfajiri. Kwahiyo kuogelea ni alasiri, asubuhi ni kutembea. Ukitaka watoto waogelee asubuhi nenda mwezi ukiwa nusu, maji mafu, hapo hayakupwi sana na asubuhi ndio yanakuwa yamejaa. Na ukiona kambi imekuwekea tenti karibu na maji, tafuta ule mstari wa juu kabisa wa majani makavu na vijiti na chupa uliotupwa na bahari, hapo ndio maji yalifika, wewe lala upande wa nchi kavu na uongeze hatua kadhaa, maana saa kumi alfajiri hutakuwa macho kuyaangalia.

Kilichonifurahisha kuliko vyote hakikuwa kwenye tangazo lao. Asubuhi maji yalipotoka tukawakuta kina mama wa mwani. Kamba zimevutwa kati ya vijiti walivyochomeka chini, wameinama maji yako chini ya magoti, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, vidole vinakwenda bila macho kuangalia. Nasra akamwamkia bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, mmekuja kuoga matope? Akampa kipande akishike, kinateleza, kina rangi ya kijani chafu hivi. Akatuambia wao kazi yao ni bamvu, siku za maji mafu hawaji maana kamba hazifikiki. Mwani ukikauka unauzwa unakwenda nje, unatolewa ule ute unaofanya vitu kama dawa ya meno na aiskrimu viwe vizito. Mwanangu sasa kila akipiga mswaki anauliza kama ni wa bibi. Ila muombe ruhusa kwanza kabla ya kupiga picha, na usikanyage kamba.

Vyoo. Ni visafi, ila kitasa cha choo cha wanawake kimekufa, tulikuwa tunaimba ukiwa ndani ili watu wajue. Maji ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama kamba za katani. Maji ya kunywa beba yako kutoka Dar, na lita kadhaa za kuogea uso watoto. Hilo kambi ingeweza kulisema mapema.

Usiku, kuanzia magharibi, kuna usubi. Vidudu vidogo havionekani, vinatoka kwenye mikoko na vinauma kwenye vifundo vya miguu mpaka unataka kulia, vinakaa kama saa moja hivi halafu vinapungua mbu wanachukua zamu. Soksi na suruali ndefu kabla jua halijazama, mafuta ya mbu, na hakikisha zipu ya neti ya tenti ni nzima maana malaria huku haina likizo. Halafu komba. Yule mnyama analia kama mtoto mchanga, mdogo wangu mara ya kwanza aliniamsha akasema dada kuna mtoto katupwa huko. Mzee akatuambia kesho yake ni komba tu, anatafuta tembo, ile pombe ya mnazi, kwa wagema. Kelele nyingine hamna. Hamna kabisa, yani ilinichukua muda kupata usingizi kwa ukimya.

Chakula tulijipikia. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu ulitutosha, na mkaa wa kuchomea samaki. Msikate mikoko kwa kuni hata mkiona imekauka, inalindwa kisheria na wenyeji watawasema. Samaki tulifuata mjini Bagamoyo pale soko la ufukweni, vyombo vikirudi unapata changu, kibua, ngisi, na wanaokaanga wapo hapo hapo kwenye makarai. Niliuziwa pweza, Baba Nasra kampiga mpaka mkono umechoka, bado alikuwa mgumu, kuleni vibua.

Kaole mpite, ni karibu tu na mji, kama kilometa tano. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na ukisimama hapo unaona kwanini mji ulihama, mikoko na matope vimeijaza iliyokuwa bandari yao. Chukueni muongozaji, bila yeye ni mawe tu.

Bei, elfu ishirini mtu mzima kwa usiku ukiwa na tenti yako, watoto nusu, tenti zao za kukodi nilizichungulia nikaona zina harufu ya unyevu, beba yako. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, ile moja na nusu imezama pale mchangani pamoja na kitasa cha choo. Nitarudi, ila Juni au Julai, masika imeshapita na usiku kuna kaubaridi, Machi mpaka Mei hata sithubutu kwa ile barabara.

Kitu kingine, wanataka mtoke saa nne asubuhi, na kwenye bamvu saa nne ndio utamu wa kutembea baharini unaanza. Ongea nao siku ya kufika, sio ya kuondoka, sisi walituachia mpaka saa nane bila kuongeza hela. Usizidishe hapo, maana Jumapili jioni kuanzia Tegeta foleni ya kurudi mjini itakukalisha mpaka watoto walale kwenye gari.