Miezi minne na kamera ya kukagua lenzi za miwani

Simu iliyokuwa ikinikera kuliko zote ni hii: "Kaka, lenzi uliyoniletea asubuhi imekwaruzwa." Mimi najua ilitoka kwangu safi, mwenye duka la miwani anaapa hakuigusa, na katikati yetu kuna bodaboda aliyeipitisha kwenye fujo za Tom Mboya Street, Nairobi. Anayelipa ni karakana yetu ya lenzi, siku zote.

Ndipo tukanunua mashine ya kukagua. Ni sanduku jeusi tu lenye kamera. Lenzi inakaa kwenye pete, taa inaimulika kutoka ubavuni, nyuma yake giza tupu. Lenzi safi karibu huioni. Yenye mkwaruzo inatoa uzi mweupe unaowaka, kiputo kinameta kama nyota. Kisha mistari myeusi na myeupe inawashwa nyuma ya lenzi. Ikiyumba ghafla sehemu moja, ujue hapo polishi haikukaa sawa.

Wiki ya kwanza nusura niirudishe. Ilikataa kila lenzi ya progresivu, ile ambayo nguvu yake inabadilika taratibu ili mtu aone mbali na karibu. Kumbe ilikuwa inaona zile alama mbili ndogo anazochora mtengenezaji, zilizoachana milimita 34, ikadhani ni mikwaruzo! Alama ambazo sisi huzitafuta kwa kuinua lenzi dirishani na kukodoa macho. Fundi wa waliotuuzia akaja, akaifunza kwa picha za lenzi zetu wenyewe, ikatulia.

Vumbi ndilo halijaisha, na Nairobi hii unaijua. Kwa kamera, chembe ya vumbi na kishimo kwenye mipako ni kitu kimoja. Lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu, nayo ukiipangusa kwa kitambaa kikavu ndiyo kwanza unaipa umeme tuli wa kuvuta vumbi zaidi. Tulilazimika kununua kipulizio cha hewa cha kuondoa umeme huo, gharama ambayo muuzaji hakuitaja.

Kwa hiyo kila iliyokataliwa bado inapita kwa dada yetu wa ukaguzi, mwenye taa yake na kitambaa chake cheusi. Hata ISO 8980-1, kiwango cha kimataifa cha lenzi za miwani, kinataka lenzi itazamwe kwa macho bila kikuzi, na mkazo uko kwenye duara la milimita 30 kuzunguka kitovu chake cha kupimia. Mashine inaona vitu ambavyo mvaaji hatawahi kuviona. Ukiiacha iamue peke yake utatupa mali nzuri. Sisi tumelegeza ukali wake pembezoni mwa lenzi, maana huko kutakatwa wakati wa kuingiza kwenye fremu.

Stima ikipotea mashine inaanza kujipanga upya kutoka mwanzo, kwa hiyo weka betri ya akiba.

Kama unainunua ili upunguze wafanyakazi, usijisumbue. Mimi naipenda kwa sababu ya kumbukumbu zake. Juzi ile simu ililia tena. Nikamtumia mwenye duka picha ya lenzi yake, namba ya oda, saa nne na dakika kumi asubuhi, haina hata doa. Akanyamaza kidogo.

"Sawa kaka. Tugawane nusu."