Buldoza la Zamani Kwenye Maramu Ngumu: Huduma Niliyoikodi Kiryandongo

Mwezi wa Februari nilikodi buldoza aina ya Caterpillar D7G, pamoja na opereta na ripa ya meno 3 (kifaa cha nyuma chenye meno marefu ya kupasua ardhi), ili kupasua ekari 12 za shamba letu wilayani Kiryandongo, Uganda, ambako chini ya udongo wa juu kuna tabaka la maramu, yaani udongo mwekundu wa changarawe, lililoshikamana kiasi kwamba mizizi ya mahindi hujikunja inapolifikia na maji ya mvua hutuama juu yake. Nilichagua kiangazi kwa makusudi, kwa kuwa tabaka hilo likiwa kavu huvunjika na kupasuka hadi pembeni, lakini likiwa na maji jino hupita tu kama kisu kwenye ugali. D7G ni mtindo wa miaka ya 1970, wenye injini ya silinda 6 na nguvu farasi 200. Jirani zangu walitilia shaka kwamba mtambo wa umri huo ungemaliza kazi bila kuvunjika.

Siku ya kwanza iliwapa haki. Opereta kijana aliyeletwa na kampuni alishusha meno yote 3 kwa pamoja, akaongeza mafuta, na minyororo ambayo buldoza hutembelea ikaanza kuzunguka pale pale ilipo huku ikichimba mashimo. Alipofika mwisho wa mstari akakata kona meno yangali ardhini. Tulisikia mlio mmoja mkavu, na tulipoinua ripa tulikuta pini ya jino la kulia imekatika. Ripa imeundwa kuvutwa moja kwa moja kwenda mbele. Ukigeuka kabla ya kuiinua, jino linasukumwa kwa ubavu, fremu inajipinda, na gia za upande mmoja zinabeba mzigo uliopaswa kubebwa na pande mbili. Ukirudi nyuma jino likiwa chini, madhara ni yale yale au zaidi.

Nampongeza mwenye kampuni kwa jinsi alivyolipokea jambo hilo. Hakubishana nami, alilipia pini, na asubuhi iliyofuata akamleta mzee mmoja kutoka Arua. Tulipomkaribisha apande, alizunguka kwanza mtambo mzima akiwa na nyundo na kitambaa.

“Mzee, tuwashe?” nikamuuliza.

“Bado, kijana wangu. Acha kwanza niione miguu yake.”

Miguu ndiyo minyororo, roli (magurudumu madogo ya chini) na sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), na kwenye buldoza la zamani ndiko fedha nyingi za matengenezo huishia. Alikwangua udongo uliokauka kati ya roli, akapima jinsi mnyororo ulivyolegea, akaona umekazwa kupita kiasi, akaulegeza kidogo kwa kutoa grisi, maana mnyororo uliokazwa mno hula pini, bushi na sproketi upesi. Kisha akatoa meno mawili ya pembeni na kubakiza la katikati peke yake. Kwenye ardhi ngumu jino moja hupata nguvu yote ya mtambo, na mvuto wake hukaa katikati ya minyororo miwili.

Baada ya hapo kazi ilionekana nyepesi, ingawa haikuwa nyepesi hata kidogo. Alitumia gia ya kwanza kwa mwendo ambao niliweza kutembea kando yake bila kuachwa, na kila aliposikia minyororo inataka kuteleza alipunguza mafuta, halafu, ikibidi, akainua jino kidogo. Hakulilazimisha kuzama kwa mara moja, kwa sababu ukilikandamiza mno sehemu ya nyuma ya mtambo hunyanyuka na minyororo hukosa pa kushika. Alipita mara ya kwanza kijuujuu na mara ya pili kwa kina, na penye mteremko alipasua akielekea chini ili uzito wa mtambo wenyewe umsaidie. Jicho lake halikuondoka kwenye geji ya joto la toki konvata, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa kutumia mafuta. Mshale ulipokaribia wekundu alisimama, akaweka gia huru na kuiacha injini izunguke hadi joto lishuke.

Jambo lililonivutia zaidi alilifanya jioni. Kabla ya kuzima, aliiacha injini ingurume polepole kama dakika 5 ili taborchaja, inayosukuma hewa ndani ya injini, ipoe, akashuka, akaweka kiganja kwenye kifuniko cha gia za mwisho, zile zinazozungusha sproketi, upande wa kushoto, kisha wa kulia, akilinganisha joto la pande hizo mbili. Halafu akapima ncha ya jino, kipande cha chuma cha mwisho kinachobadilishwa kikilika, kwa kidole gumba. Siku ya nne aliibadilisha, ingawa kwangu ilionekana bado ina maisha. Alinieleza kwamba ncha ikiisha kabisa, maramu huanza kulila jino lenyewe, na bei ya jino hailingani hata kidogo na bei ya ncha.

Malalamiko yangu mengine ni mawili. Lori la kubebea mtambo lilichelewa siku mbili, na kampuni ilileta ncha moja tu ya akiba, hivyo tulipoteza nusu siku mtu akienda kutafuta nyingine Kampala. Ekari zote 12 zilikwisha kwa siku 6, na hakuna kingine kilichovunjika.

Bado tuna ekari 7 upande wa bondeni. Nimeweka oda ya mtambo ule ule kwa mwezi wa Januari, na kwenye karatasi ya makubaliano nimetaka mambo matatu yaandikwe: ncha 3 za akiba, jino moja la katikati, na jina la yule mzee.