Filamu tisa za Star Wars na mpwa wangu: uzoefu wangu

Nianze na tukio moja, maana ndilo lililonifanya niandike. Tulikuwa kwenye filamu ya 1980, The Empire Strikes Back. Luke, kijana shujaa wa hadithi, ameshakatwa mkono, ameng'ang'ania chuma juu ya shimo lisilo na mwisho, upepo unampepeta, na Darth Vader, adui mwenye vazi jeusi na kofia inayofunika uso, anamsogelea. Mpwa wangu wa miaka 11 alikuwa amejilaza chali kwenye zulia. Kabla Vader hajasema neno, yeye akasema, kama mtu anayetaja saa: "Hapo anamwambia yeye ndiye baba yake."

Filamu hiyo hakuwahi kuiona. Aliijua kwa fulana na utani wa mitandaoni. Siri hiyo, siku ya kupiga picha, ilifichwa hata kwa mtu aliyevaa lile vazi jeusi. Alipewa sentensi ya uongo aitamke, na maneno ya kweli yakaja kuwekwa baadaye kwa sauti ya mwigizaji James Earl Jones. Leo watoto wanazaliwa nayo. Nilinyong'onyea, nikaona jioni yangu imeharibika. Kisha Luke akatazama chini, akaachia. Mpwa wangu akainuka, akakaa. "Kajiachia mwenyewe?" Hilo fulana hazikumwambia.

Basi, tuje kwenye seti yenyewe tuliyokuwa tunaiangalia. Ni diski za filamu zote tisa za sakata kuu, kuanzia ya 1977 hadi ya 2019, zaidi ya saa 20 ukizijumlisha. Picha ni safi mno, na ukiwa na spika nzuri utafaidi zaidi, kwa sababu nusu ya uchawi wa filamu hizi umo kwenye sauti. Ben Burtt, fundi wa sauti wa zile za mwanzo, alipata ule mvumo wa upanga wa mwanga kwa kuchanganya mngurumo wa mota ya projekta na kelele za runinga. Mlio wa bunduki ni nyundo iliyogongwa kwenye waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio. Pumzi ya Vader ni kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Vitu vya kawaida kabisa, vilivyochakaa, na ndiyo maana unaviamini. Hata vyombo vya angani vimejaa masizi na mikwaruzo. Rubani Han Solo, rafiki wa Luke, anaipiga ngumi meli yake ndipo iwake, kama sote tunavyofanya na redio mbovu.

Sasa lawama yangu. Filamu ya 1983, Return of the Jedi, ina dakika moja ninayoiweka juu ya zote. Mfalme, bwana wa Vader, anamuunguza Luke kwa radi, kijana analia akimwita baba yake. Vader amesimama. Anamtazama mwanawe, anamtazama bwana wake, anarudi kumtazama mwanawe. Ni kofia ya plastiki tu, haina jicho wala mdomo wa kuonyesha chochote, na hasemi kitu. Lakini wewe uliyekaa kwenye kiti unaona mtu akipasuka ndani. Halafu anamnyanyua yule mzee na kumtupa shimoni.

Katika toleo la diski la 2011 wakamwekea maneno. "Hapana," anasema, kisha anarudia kwa ukelele. Diski zangu ndizo zenye toleo hilo. Nilikuwa nimesahau, na ukelele ule ulipotoka nilijikuta nimeshika kichwa. Kofia ilikuwa imeshasema kila kitu! Nani aliomba ufafanuzi?

Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ugonjwa wa sakata hili, na wa burudani yetu ya siku hizi kwa jumla: hatuvumilii pengo. Filamu ya 1977 ilitaja Vita vya Clone, yaani vya nakala za watu, kwa kupitia tu, ikaendelea na safari yake. Mimi na binamu yangu, tulioangalia kwenye kanda ya video hadi ikaanza kukwaruza, tulizozana miaka juu ya maneno hayo. Yeye alisema walikuwa majambazi. Mimi nilishikilia kwamba mzee Obi-Wan mwenyewe, mwalimu wa Luke, ni nakala ya mtu aliyekufa. Mwaka 2002 tukaletewa jibu kamili, na jeshi zima na kiwanda chake, na sikumbuki kama tulizozana tena. Ile Nguvu nayo, inayowapa mashujaa uwezo wao, iliyokuwa jambo la roho na pumzi, mwaka 1999 ikageuzwa kipimo cha damu: mtoto anatobolewa, namba inasomwa kwenye mashine, inazidi hata ya Yoda, mwalimu mkuu wa Nguvu hiyo. Imekuwa kama majibu ya malaria.

Na mwaka 2017 waliponiambia kwamba Rey, shujaa wa filamu tatu za mwisho, ni mtoto wa watu wasiojulikana, walevi tu waliomuuza, nilipiga makofi. Hatimaye shujaa asiye na ukoo! Miaka miwili baadaye wakabadilisha: ni mjukuu wa Mfalme. Katika ulimwengu wenye nyota zisizohesabika, inaonekana kuna familia mbili.

Nikubali ukweli, si wakubwa wa studio peke yao wanaodai majibu. Ni sisi. Filamu ile ya 2017 iliacha mambo wazi na baadhi ya mashabiki wakaja juu hadi wakamgeukia mwigizaji Kelly Marie Tran, aliyetukanwa mpaka akafuta alichoweka Instagram. Dada wa watu kaajiriwa kusoma maneno aliyoandikiwa. Hapo sina utetezi wowote kwa wenzangu.

Sheria yangu ya kuacha mapengo inavunjwa na filamu ya Rogue One, ya 2016, ambayo haimo kwenye seti hii. Inajaza pengo ambalo hakuna aliyehitaji lijazwe, yaani jinsi ramani za Death Star, ile ngome ya angani ya Mfalme, zilivyoibwa, na bado naipenda. Labda kwa sababu inawaua karibu wote na haiachi mtu wa kutengenezewa mwendelezo. (Hilo nalo wakalipatia njia, wakarudi nyuma kutengeneza hadithi ya kabla yake.)

Kitu kimoja kwa sisi tunaosikia lugha za Afrika Mashariki. Katika ile ya 1983, pembeni ya Lando, rafiki wa Han, kwenye meli kuna rubani mwenye mashavu yanayoning'inia, Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya huko Marekani, na anachosema si mbwembwe za kubuni. Kuna lugha ya Wakikuyu mle, maneno yenye maana. Ulimwengu mzima ulidhani ni lugha ya sayari nyingine huku kuna watu sebuleni wanaelewa bila tafsiri.

Mkitaka kuangalia na mtu mgeni, anzeni na za 1977 na 1980, rudini nyuma kwa za 1999, 2002 na 2005, ndipo mmalizie ya 1983. Tatu za mwisho ni hiari. Zile tatu kongwe nazipa nyota tano, hata na ukelele wake. Seti nzima, tatu na nusu.

Nien Nunb alipoanza kucheka nilisimamisha filamu nimweleze mpwa wangu habari za Rotich. Nikaisimamisha tena kumweleza ya ukelele wa Vader, ulivyokuwa na ulivyoongezwa. Mara ya tatu nilipobonyeza, sikumbuki hata nilitaka kusema nini, alininyang'anya rimoti, akaiweka chini ya mto wake, akaukalia.

"Mjomba," akasema, "niache niangalie."