"Mama anapenda rangi gani?" Uzoefu wangu na yadi moja ya Ngong Road

Sitaitaja yadi yenyewe. Ni ya kuuza magari yaliyotumika, iko Ngong Road hapa Nairobi, na kwa jinsi yadi zilivyojipanga kule mlango kwa mlango, atakayejitambua na ajitambue. Ila nikiulizwa leo kama uende, nasema usiende. Huenda nikabadili maneno kabla sijafika mwisho, kwa sababu kila nikilikumbuka lile gari hasira inapungua, na kila nikimkumbuka yule kijana wa mauzo inarudi yote.

Nilikuwa natafuta gari dogo la kuipumzisha Corolla yangu, zile tunazoziita NZE. Yangu ni namba KBP. Imenifikisha kazini miaka mingi bila makuu, lakini siku hizi oili inaisha kabla petroli haijaisha, na mguu wa mbele unagonga kwenye kila tuta, na matuta ya kutoka Donholm hadi Jogoo Road Mungu ndiye anayejua idadi yake. Fundi wangu ni mzee wa Kirinyaga Road, pale ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan. Siku moja alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, hii tumeipenda vya kutosha. Iache iende."

Sasa jaribu kusema mbele ya watu Nairobi kwamba unatafuta gari dogo. Kila mtu ni mtaalamu. Shemeji yangu akashika Fit, hasikii la mtu. Mwenzangu wa ofisi ya walimu akasema March, kwa sababu dada yake anayo na haijawahi kumlaza njiani. Wengine Passo, wengine Swift, wengine Note. Fundi alisikiliza orodha yote akanipa sentensi moja tu: "Usininunulie kazi."

Alikuwa anazungumzia giaboksi. Mengi ya magari haya madogo ya Japani yana giaboksi ya CVT, ambayo ndani yake hakuna gia unazoweza kuhesabu, kuna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili. Inataka oili yake yenyewe. Fundi wa kando ya barabara akikuwekea ile ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo aliyo nayo kwenye mtungi, anza kuchanga pesa za giaboksi nyingine. Fit ya haibridi iliyotoka 2013 nayo ina klachi mbili, na Honda wenyewe waliyaita magari hayo kurekebishwa huko kwao zaidi ya mara moja, kwa hiyo shemeji anisamehe. Fundi alikuwa na jicho kwa Demio ya umbo jipya, ile iliyoanza 2014, kwa kuwa ina otomatiki ya kawaida ya gia sita. Hiyo, alisema, anaijua hadi tumboni.

Basi Demio. Yadi hiyo ilikuwa nayo moja, nyekundu iliyokolea. Nikapiga simu, nikauliza swali nililofundishwa: gari limewashwa lini mara ya mwisho? Kijana akajibu bila kusita, "Haijawashwa tangu juzi, mama. Wewe ukuje tu." Kwa wasiojua, gari likiwashwa likiwa baridi ndipo linaposema ukweli. Moshi wa buluu, kelele za mnyororo, mtetemo wa injini, vingi hujitokeza katika dakika za kwanza. Likishapata moto linaanza kuwa na adabu mbele ya wageni.

Tulifika saa mbili kasoro asubuhi. Ulikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi, mawingu yamelala juu ya mapaa na watu wamevaa makoti mazito. Fundi hakusema kitu. Alipita mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama. Na mimi nikaweka changu. Moto! Moto wa kukausha soksi.

Ndipo akaja yule kijana, shati jeupe, viatu vya ncha. Akampa fundi mikono yote miwili, "Karibu mzee, karibu sana." Mimi nikapewa kichwa kuinamishwa kidogo. Halafu, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake na pochi yangu begani, akamuuliza fundi:

"Mama anapenda rangi gani?"

Fundi wangu si mtu wa maneno. "Muulize mwenyewe," akasema, "ndiye mwenye pesa."

Akanigeukia, tabasamu lote. "Pole madam. Hii rangi inapendeza wamama sana."

Nikamwambia niachie mambo ya rangi, nieleze kwa nini boneti ina moto. Akasema ni jua. Jua gani? Nilitazama juu, fundi akatazama juu, na nadhani hata yeye mwenyewe alitazama juu.

Nikahamia kwenye makaratasi. Gari likitoka Japani huja na cheti cha kusafirishwa nje, na mara nyingi kwenye cheti hicho kuna kilomita zilizoandikwa lilipokaguliwa huko, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha na zile za dashibodi. Cheti kilikuwa wapi? "Kilibaki Mombasa." Karatasi ya mnada, inayoonyesha gari lilipewa alama gani na limekwaruzwa wapi? Hapo akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye geti: "Mama, unanunua gari ama unanunua makaratasi?"

Wenzake wakacheka pamoja naye. Nimefundisha kidato cha pili kwa muda mrefu na kicheko hicho nakijua vizuri, ni cha mtu ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Darasani ningemsimamisha. Pale nilibaki nimeshika pochi.

Kila nilichouliza baada ya hapo jibu lilikuwa moja, "Imepita KEBS, madam." Najua imepita ukaguzi wa hilo shirika la viwango. Magari haya hukaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa melini, na hayaruhusiwi kuingia nchini yakiwa yamezidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Lakini ukaguzi wa Japani haujui nani aliliwasha gari leo alfajiri Ngong Road, na kwa nini.

Nikaomba jambo ambalo mpaka leo sioni ubaya wake: liacheni lipoe, nitarudi kesho, mtu asiliguse. Haiwezekani. Kuna wateja watatu wanaingoja hii, akasema, lakini nikiweka kitu kidogo leo watanishikia. Kuliendesha je? Tulienda hadi kituo cha petroli na kurudi, usukani ukiwa mikononi mwake. Mimi nilikaa nyuma, nikaonyeshwa jinsi vioo vinavyoteremka.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu lile gari lilikuwa zuri. Zuri kweli. Lilipita juu ya mashimo bila sauti, viti havikuwa na harufu ya kitu, na tulipoliwasha yule dada wa Kijapani aliye ndani ya dashibodi alitusalimu kwa heshima kuliko binadamu yeyote niliyekutana naye asubuhi hiyo. Redio tu ndiyo haikushika kitu, ila hilo ni la kawaida, redio nyingi za Japani zinaanzia 76 na kuishia 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi alilala chini kwenye kokoto akachungulia na tochi, akainuka akasema hajaona kutu wala oili inayovuja. Yaani huenda hawakuwa na lolote la kuficha!

Kijana wa kuosha magari ndiye aliyelimaliza. Muuzaji alikuwa amepokea simu. Yule kijana, bila kuinua macho kutoka kwenye tairi alilokuwa anasugua, akamwambia fundi, "Mzee, hapa zinawashwa zote kabla ya wateja kufika. Ni amri ya mwenyewe." Zote! Nzima na mbovu. Mtu ana gari safi, analipasha moto, anakudanganya kwa simu, anakudanganya tena uso kwa uso kuhusu jua lisilokuwepo, na mwishowe anakupoteza na milioni yako na ushei kwa kitu ambacho pengine hakikuwa na haja ya uongo. Nikiwaza hayo nataka kurudi kule sasa hivi.

Niwe mkweli kidogo: yadi nyingine tulizopita hazikuwa bora. Moja ya Kiambu Road ilikuwa na watu wapole, chai tulipewa, lakini magari yalikuwa na vumbi la kuandikia jina na betri zimekufa, kwa hiyo baridi ya kuwasha tuliipata bure na gari hatukuliwasha. Yadi ya hasira yangu ilikuwa na magari masafi kuliko zote. Kwa hiyo labda niseme nenda, ila nenda na mtu mwenye roho ngumu. Hapana. Nafuta. Usiende.

Mwishowe nilinunua Vitz, kutoka kwa mzee mstaafu wa South B. Nilimuuliza kama naweza kuja kabla hajaliwasha, akasema, "Njoo mapema unavyotaka, mwalimu, hata nikiwa kitandani." Alitoka na malapa, koti juu ya nguo za kulalia, akampa fundi ufunguo. Likawaka, likapiga kelele kidogo kwa sekunde chache, likatulia. Fundi akasikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Hiyo ni ya kawaida." Mzee akatoa faili la risiti, kila oili aliyobadilisha, hadi ya wiper. Akaniambia nichukue barabara, yeye akakaa nyuma akisinzia, nikaenda hadi Mlolongo na kurudi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshafanya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kuona kama gari lina mkopo juu yake, halina. Uhamisho wa umiliki akauanzisha kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, tukiwa mezani kwake, nami nikaukubali kwenye simu yangu.

Ni injini ya 1.3, na mwenye kufikiria ile ya lita moja ya silinda tatu ajaribu kwanza kupanda kuelekea Limuru na watu wanne ndani. Spea zimejaa Grogan. Na ubaya wake ni huo huo, maana spea nyingine hufika Grogan zikitoka kwenye gari lako. Wiki ile ile fundi alinipeleka kwa kijana wa kuchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na madirisha, na sasa vioo vyangu vinasomeka kama kitambulisho. Linanifikisha. Ndani plastiki inalia kwenye barabara mbovu, kiti hakinishiki mgongo, na kwenye maegesho nimewahi kusimama nikilazimisha ufunguo kwenye Vitz ya mtu mwingine, nyeupe kama yangu, mwenyewe akinitazama. Kulipenda, sijalipenda. Demio nililipenda.

Majuzi yule muuzaji alinitumia WhatsApp. Picha ya Demio ile ile, nyekundu, imeoshwa inang'aa, bei imeshuka kwa elfu themanini. "Habari madam, bado unatafuta gari? Hii ni yako." Wale wateja watatu sijui walikwama wapi. Sikumjibu, na namba yake sijaifuta pia, kwa sababu dada yangu mdogo anatafuta gari na ameshaanza kuniuliza kuhusu Demio. Nimemtumia namba mbili, ya huyo kijana na ya fundi, nikamwambia aanze na ya fundi, na wakifika yeye ndiye ajibu la rangi kabla halijaulizwa.