Nilienda kutaka leza, nikarudi na lenzi ngumu

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Katwe, Kampala, natengeneza mageti na madirisha. Mwaka juzi jiwe la grinda lilipasuka, kipande kikanichoma jicho la kulia. Hospitalini walinishona nyuzi tatu kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kwa rehema za Mungu jicho likabaki. Nyuzi zilipotolewa nikadhani yameisha. Kumbe kovu limekivuta kioo upande mmoja. Usiku taa ya boda niliiona kama taa tatu zenye mikia. Nilibadilisha miwani mara tatu, wapi!

Nikauza pikipiki yangu, nikaja kliniki hii ya macho nikiwa na neno moja tu mdomoni: leza.

Nawasifu kwa sababu walinikatalia. Daktari hakuanza na malipo. Aliniuliza nyuzi zilitolewa lini, akaniweka kidevu kwenye mashine nikatazama miduara inayong'aa, na kwenye kompyuta ikatokea ramani ya jicho kwa rangi: nyekundu penye mwinuko mkali, bluu palipolala. La kushoto lilikuwa kijani kilichotulia. La kulia lilikuwa kama bati lililogongwa nyundo. Akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu apime tena, maana jicho ambalo bado linabadilika umbo halipigwi leza.

Niliporudi ramani zilifanana. Ndipo akanieleza leza yenyewe. Nilikuwa najua ni moto, kama ule wa kukatia chuma. Sivyo. Ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, hauonekani, unaondoa nyama ya konea bila kuiunguza, kila mpigo takriban robo ya mikroni, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Kompyuta inafuata ramani na kusawazisha vilima. Lakini kama grinda tu, inapunguza, haijazi shimo. Konea ya kawaida ina unene wa kama nusu milimita. Mimi penye kovu nilikuwa nimebaki na mikroni 410, na kovu lenyewe limezama. Wenye kovu la juujuu leza huwafaa, alisema, ingawa siku za kwanza zina maumivu na konea inaweza kuingia ukungu baadaye. Kwangu, kuikwangua zaidi kungeidhoofisha hata ianze kutuna. Angeweza kunyamaza akachukua pesa zangu, na nisingejua kitu.

Badala yake akaniagizia lenzi ngumu, kile kikombe kidogo kinachovaliwa juu ya jicho lenyewe. Machozi hujaa kati ya lenzi na konea, yakaziba mabonde, mwanga ukapita kwenye uso laini. Siku ya kujaribu, muuguzi alinitia dawa ya manjano, akawasha taa ya bluu, akanigeuzia skrini: machozi yaling'aa kijani chini ya lenzi, yamejaa kwenye bonde, membamba juu ya kilima. Ile ya kwanza ililegea, nikipepesa inateleza. Wakaagiza nyingine bila kunidai tena. Ya pili ilipokaa nilisoma ubao hadi mstari wa pili kutoka chini. Nikaomba nitoke nje kwanza, nikasimama barabarani nikisoma namba za teksi moja baada ya nyingine.

Mapokezi ndipo paliponiuma. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaonwa saa nane mchana, na bei ya ramani niliambiwa baada ya kupimwa, mbali na ile ya kumwona daktari. Mtu aliyetoka Arua au Kasese na nauli ya kuhesabu atafanya nini? Bei ziandikwe ukutani.

Lenzi ilinichukua wiki mbili kuizoea, mwanzoni ni kama mchanga jichoni. Usiioshe kwa maji ya bomba wala usilale nayo, kuna vijidudu vya majini vinavyoila konea. Mimi huivua juu ya taulo nyumbani, kamwe si karakana.

Pesa ya pikipiki ilibaki zaidi ya nusu. Nimenunua miwani sita ya kinga, na kijana asiyeivaa hagusi grinda yangu.