Stabilaiza ya VA 1000 kwa Friji Penye Umeme Mdogo: Tazameni Kitufe Hiki Kabla ya Kununua

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nimeweka mezani stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo wa VA (volti-ampea) 1000, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000, na ninaijaribu na friji katika nyumba iliyo karibu na nguzo ya mwisho ya laini, ambako jioni, mtaa mzima unapowasha pasi na majiko, volti hushuka kutoka 230 hadi 165. Rangi, uzito na urefu wa waya mtavisoma kwenye boksi.

Ndani mna transfoma yenye koili iliyotolewa nyaya katika sehemu kadhaa, na rilei, yaani swichi zinazojigeuza zenyewe kwa umeme, huchagua sehemu inayofaa kulingana na umeme unaoingia. Tazameni kiwambo: zinaingia volti 165, zinatoka 224. Sasa nawasha pasi kwenye laini hiyohiyo. Zinazoingia zimeshuka hadi 158, rilei imegonga, na zinazotoka zimeruka hadi 236. Mruko huo haunipendezi, ingawa friji huuvumilia bila shida.

Kinachonifurahisha mno ni kitufe hiki kidogo cha kuchelewesha umeme, ambacho wauzaji wengi hawakionyeshi. Kina hatua mbili: sekunde 6 na sekunde 180. Nakiacha kwenye 6, nazima umeme, kisha nauwasha. Sikilizeni kompresa, ile pampu ya friji inayogandamiza gesi: inanguruma, haizunguki, na kinga yake ya joto imeikata. Gesi bado imegandamizwa upande mmoja, kwa hiyo mota inalazimishwa kuanza ikiwa imeelemewa, na hapo huvuta ampea nyingi kuliko inapozunguka kawaida. Ikirudiwarudiwa hivyo kila umeme unapokatika na kurudi, koili zake huungua. Naiacha ipoe, kisha nakibonyeza kitufe kwenye 180 na kurudia. Dakika 3 zimepita, mgandamizo umesawazika, na kompresa imeanza kwa utulivu. Mmeisikia tofauti?

Volti nazo zina sehemu yake hapa. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa mraba wa volti, hivyo kwenye volti 160 hubaki chini ya nusu ya ile ya volti 230. Ndiyo maana kile kifaa cha bei nafuu mnachokiita friji gadi hakitoshi katika nyumba kama hii: hukata umeme unaposhuka, lakini hakiupandishi, na chakula kinaharibika huku friji likiwa salama. Nilipoanza kurekodi niliona shilingi 95,000 ni nyingi. Sasa naona ni bei ya haki, mradi kitufe hicho kiwepo.

Hata hivyo, transfoma haizalishi umeme. Ili kutoa volti 230 kutoka 165, huvuta kwenye soketi ampea takribani mara 1.4 ya zile zinazokwenda kwenye friji, kwa hiyo waya mwembamba au soketi iliyolegea itapata moto. Mwiteni fundi umeme akague kwanza, na msichomeke pasi wala pampu kwenye stabilaiza hii.

Umeme ukishuka chini ya volti 140, hii hukata kabisa. Kwa mlioniomba, video ijayo nitafungua stabilaiza ya mota, ambayo hupandisha volti taratibu bila kuruka, na nitaipima kwa pampu ya maji.