Orange Pi 5 au Raspberry Pi 5 kwa akili mnemba?

Zote ni kompyuta ndogo za bodi moja. Bajeti ikibana, mimi naanzia Orange Pi 5. Chipu yake, RK3588S, ina koa (viini vya kuchakata) 8 na kichakata cha akili mnemba cha TOPS 6 (hesabu trilioni 6 kwa sekunde) humohumo ndani, kwa hiyo kamera ya getini inatambua watu bila kuongezewa kifaa. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, ina koa 4 na haina kichakata hicho. Unanunua chipu ya akili mnemba ya Hailo-8L, ya TOPS 13, pembeni, na gharama inapanda.

Kwenye programu, Raspberry iko mbele sana. Orange utahangaika na RKNN, zana za kuendeshea modeli za akili mnemba za Rockchip (waliotengeneza chipu yake), ambazo msimbo wake si huria wote. Ukikwama, jaribu Armbian, mfumo endeshi wa Linux wa bodi kama hizi.

Raspberry inataka chaja ya volti 5, ampea 5. Ile ya simu ya Kariakoo sahau. Na kwa joto la Dar, feni ni lazima kwa zote.